Bukavu: Kiangazi kikikausha milima, bustani ya maua ya nyumbani yabaki kimbilio la ndege na nyuki

Ni saa kumi na mbili na nusu ya asubuhi katika mtaa wa Nyalukemba, komine ya Ibanda, mjini Bukavu. Ni mwezi wa saba, na mvua haijanyesha kwa wiki kadhaa. Vumbi jekundu limefunika majani ya miti kando ya barabara, na juu ya milima moshi wa mashamba yanayochomwa umetanda tangu jana. Lakini nyuma ya lango moja la mabati kuna kelele ya aina nyingine. Ndege wadogo wanaitana juu ya ua la bugenvilia, nyuki wameanza kazi kwenye malimau, na kipepeo wa manjano na mweusi anapita chini ya kamba ya nguo.

Mwenye parseli ni mama mjane anayekaribia miaka 70, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Ameomba tusitaje jina lake kwa sababu mambo ya parseli hiyo bado yanajadiliwa katika familia. Watoto wa jirani wanamwita Koko. Ameshika beseni la maji yaliyosuuza vyombo jana usiku, anamwaga kidogo kidogo kwenye mashina ya maua.

“Maji ya kusuuza sahani mimi situpake,” anatuambia. “Maua inakunywa, kisha maua inakunywesha ndege.”

Kutoka ukutani hadi ukutani bustani hiyo ina urefu wa hatua kama thelathini. Kuna bugenvilia mbili, moja ya zambarau na moja nyekundu, haibiskasi zilizopandwa kama uzio, kana zenye majani mapana, msubili, mlimau mmoja mzee, mti wa avoka na marakuja iliyopanda juu ya choo cha zamani. Ni mahali pa kawaida. Bustani za aina hii zilikuwa nyingi Bukavu. Siku hizi zinahesabika.

Na hii nayo inaweza kutoweka. Mtoto wa kwanza wa mama huyo, baba wa watoto watano, anataka kujenga nyumba mbili za kupangisha kwenye sehemu yote ya maua kabla mvua ya mwezi wa tisa haijaanza. Hana ubaya na mtu. Ana hesabu zake.

“Mimi sina chuki na maua,” anasema, akiwa amesimama kando ya mama yake. “Lakini maua hailipake minervali ya batoto.”

Mama yake hakumjibu. Aliinama akaendelea kumwagilia.

Kwa nini maua yanachanua wakati wa jua

Mtu anayefika Bukavu mwezi wa saba anaweza kushangaa. Majani ya mlimani yamekauka, mahindi yamekwisha kuvunwa, maji ya bomba yanachelewa kufika, lakini bugenvilia zimechanua kuliko wakati wa mvua. Hilo si ajabu. Mvua ikinyesha kila siku, bugenvilia hutumia nguvu zake kukuza matawi na majani. Maji yakipungua na jua likiwa kali, mmea huo huacha kurefuka na kuanza kutoa maua. Ndiyo maana mtu anayemwagilia bugenvilia yake asubuhi na jioni, akidhani anaisaidia, mara nyingi hubaki na majani tu.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalijui. Ile rangi ya zambarau au nyekundu tunayoiita ua la bugenvilia si ua lenyewe. Ni majani membamba yaliyobadilika rangi ili kuita wadudu na ndege. Ua la kweli ni kile kijiti kidogo cheupe kilicho katikati, ambacho unakiona ukisogeza jicho karibu.

Mmea huo haukuzaliwa Afrika. Asili yake ni Amerika ya Kusini. Ulipata jina la baharia Mfaransa, Louis Antoine de Bougainville, aliyezunguka dunia kati ya mwaka 1766 na 1769. Aliyeuelezea kisayansi ni mtaalamu wa mimea wa safari hiyo, Philibert Commerson, akisaidiwa na Jeanne Baret, mwanamke aliyepanda meli akiwa amevaa kama mwanaume kwa sababu wanawake hawakuruhusiwa. Baret ndiye mwanamke wa kwanza anayejulikana kuwa alizunguka dunia. Kutoka bandari hadi bandari, bugenvilia imefika mpaka kwenye kuta zetu za Ibanda na Bagira.

Haibiskasi nayo ina tabia yake. Ua lake moja huishi siku moja tu, au mbili ikizidi. Linafunguka asubuhi, jioni linajikunja, kesho yake liko chini. Lakini kila tawi lina maua mengine yanayongoja zamu, kwa hiyo uzio hauishiwi rangi. Msubili, ambao majani yake yanaweza kuweka maji kwa muda mrefu, hutoa mashina yake ya maua mekundu na ya chungwa wakati huu wa ukavu. Na huko mashambani, mti wa erithrina wa asili ya Afrika, ule wenye magamba mazito na miiba, hudondosha majani yake na kubaki na maua mekundu peke yake, kama mti uliowashwa moto.

Kwa wadudu na ndege, maua ya wakati huu yana faida kubwa. Mimea mingi ya porini inapokauka, anayetoa asali ya maua wakati wa njaa hupata wageni wengi.

Wageni wa asubuhi

Mgeni wa kwanza tuliyemwona siku hiyo ni chozi, ndege mdogo mwenye mdomo mrefu uliopinda kama sindano ya mshona viatu. Alitua kwenye tawi la haibiskasi, akageuza kichwa, akatoboa ua pembeni, karibu na kikonyo, akanyonya. Hakupita mlangoni. Wanaochunguza ndege wanaita tendo hilo wizi wa asali, kwa sababu ndege anakula bila kubeba unga wa ua kwenda kwenye ua jingine. Lakini kwenye msubili na kana huingiza mdomo wote, na kichwa chake kinatoka na unga wa manjano.

Milimani kwetu kuna machozi wa aina nyingi. Mmoja ni yule dume mwenye mkia mrefu mwembamba, anayeonekana mweusi akiwa kivulini, kisha jua likimpiga anang'aa kama shaba. Mwingine ana kichwa cha buluu na kijani na tumbo la manjano. Rangi hizo za kung'aa hazitokani na rangi iliyo ndani ya manyoya. Ni umbo la manyoya lenyewe linalorudisha mwanga kwa namna fulani, ndiyo maana ndege akigeuka kidogo rangi inabadilika au inapotea.

Machozi hawali asali ya maua peke yake. Wanakamata buibui na wadudu wadogo, hasa wakati wa kulisha vifaranga. Kiota chao ni kama mfuko mdogo unaoning'inia, umefumwa kwa majani makavu na kushikamanishwa kwa utando wa buibui, na mlango wake uko pembeni. Mama huyo alituonyesha kimoja kwenye tawi la mlimau, karibu kabisa na dirisha la jiko. Tangu alipokiona, hakatishi tena matawi upande huo.

Baada ya machozi walifika kuzumburu, ndege wa kijivu wenye kishungi na mkia mrefu, ambao hutembea kwa kundi na kutambaa kwenye matawi kama panya. Hao si wapole. Wanakula matunda, vichipukizi, hata maua yenyewe. Chini, kwenye saruji, alitembea yule ndege mweusi na mweupe anayetikisa mkia bila kupumzika, akiokota wadudu waliokufa usiku chini ya taa. Juu sana, mwewe alikuwa akizunguka kuelekea ziwani.

Mtu akitaka kuona ndege wengi zaidi anapanda Kahuzi-Biega, hifadhi iliyoundwa mwaka 1970 na kuwekwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1980, ambako kuna aina zaidi ya 300 za ndege. Lakini si kila familia ya Bukavu inaweza kulipa safari hiyo, na kwa muda mrefu sasa usalama wa njia na wa hifadhi yenyewe ni swali. Kwa mtoto wa Kadutu au Panzi, ndege atakayemfahamu ni yule anayetua nyumbani kwao.

Kinyonga hana sumu

Karibu na marakuja tulimkuta kinyonga wa kijani, mrefu kama kidole cha kati, akiwa amesimama bila kutikisika. Kijana mmoja mpangaji wa nyumba ya jirani, aliyekuwa anapita kuchota maji, alirudi nyuma hatua tatu.

Hofu hiyo ni ya watu wengi huku kwetu. Wapo wanaosema kinyonga akikuuma utakufa, akikutemea mate utapofuka, akikutana nawe njiani safari imeharibika. Kwa hiyo anapigwa mawe au kuchomwa moto mara tu anapoonekana. Ukweli ni kwamba kinyonga hana sumu. Akishikwa vibaya anaweza kufungua mdomo na kubana kidole, lakini hawezi kumuua mtu. Chakula chake ni nzi, panzi, nondo na wadudu wengine, anaowakamata kwa ulimi ambao ukinyooshwa unaweza kupita urefu wa mwili wake. Macho yake mawili yanaweza kutazama pande mbili tofauti kwa wakati mmoja. Na rangi anabadilisha hasa kwa kuwasiliana na wenzake na kwa kutafuta joto au ubaridi, si kila mara kwa kujificha kama tunavyofundishwa.

“Batoto ya hapa zamani balikuwa banamupiga,” Koko anasimulia. “Nikawaambia: huyu njo mulinzi yangu, halipwe hata franka moja. Sasa banakuyaka kumutafuta usiku na tochi, banahesabu.”

Usiku ni wakati mzuri wa kumwona, kwa sababu kinyonga akilala rangi yake hupauka, na mwanga wa tochi ukimpiga anaonekana mweupe kati ya majani. Usiku pia ndipo wanapotoka vyura wanaokula wadudu, na nondo wakubwa wanaofuata maua meupe yenye harufu. Mojawapo ya maua hayo ni lile linaloning'inia kama tarumbeta, ambalo wengi wamelipanda langoni kwa uzuri wake. Ni vema kujua kwamba mmea huo wote, majani, maua na mbegu, una sumu kali kwa mtu. Mwenye watoto wadogo asiupande karibu, na mikono inaoshwa baada ya kuukata.

Kiwavi kwenye mlimau

Kuna jambo ambalo wapenda maua wengi hawalipendi: bila viwavi hakuna vipepeo. Yule kipepeo wa manjano na mweusi aliyepita chini ya kamba ya nguo alikuwa anatafuta mlimau. Anataga mayai yake kwenye majani ya malimau, machungwa na mandarini. Kiwavi wake akiwa mdogo anafanana na mavi ya ndege, weusi na weupe, ili ndege wasimguse. Akikua anakuwa wa kijani kama jani. Ukimgusa, anatoa nyuma ya kichwa kitu kama pembe mbili laini za rangi ya chungwa, chenye harufu kali, kwa kutisha adui.

Mti mzima na mkubwa hauumii sana kwa viwavi kumi. Mche mdogo ndio unaoweza kubaki bila jani. Koko amepata njia yake: anawaokota kutoka kwenye miche aliyopanda karibuni na kuwahamishia juu ya mlimau mzee. Hawaui.

Kipepeo mwingine anayeonekana sana Bukavu ni wa rangi ya chungwa mwenye ncha nyeusi na madoa meupe. Viwavi wake hula mimea yenye maziwa machungu, na sumu ya mimea hiyo inabaki mwilini mwao hata wanapokuwa vipepeo. Ndege akimwonja mara moja hamrudii. Ndiyo maana kipepeo huyo huruka polepole, bila haraka, kama mtu mwenye walinzi.

Kutoka ua hadi sahani

Hapa ndipo mjadala wa familia hiyo unapogusa watu wengi zaidi. Maua hayalipi minervali, ni kweli. Lakini nyuki anayefuata maua ndiye anayezalisha sehemu ya chakula.

Mwaka 2016 jopo la kimataifa la wataalamu wa viumbe hai, IPBES, lilitoa ripoti iliyoonyesha kwamba zaidi ya asilimia 75 ya aina za mazao makuu ya chakula duniani hutegemea, kwa kiasi fulani, wadudu na wanyama wanaobeba unga wa maua. Mfano uko kwenye parseli hiyo hiyo. Boga lina maua ya kiume na ya kike mbalimbali kwenye mmea mmoja. Nyuki asipopita, ua la kike linaoza na kuanguka bila kuzaa. Marakuja inahitaji nyuki mkubwa mweusi, yule anayetoboa mbao za paa na kuogopesha watu kwa mngurumo wake, kwa sababu mwili wake mpana ndio unaofikia unga wa ua hilo. Ua la avoka linafunguka mara mbili: mara ya kwanza ni la kike, linajifunga, kisha linafunguka tena likiwa la kiume. Kwa hiyo linahitaji mdudu wa kubeba unga kutoka ua lililo katika hali moja kwenda lililo katika hali nyingine. Hata kahawa yetu ya Kivu, ambayo inaweza kujizalisha yenyewe, huzaa vizuri zaidi nyuki wakiwapo.

Nyuki hawezi kusubiri boga lichanue. Anahitaji chakula mwaka mzima. Maua ya kiangazi yanamvusha hadi mvua irudi.

Jirani mmoja, mwenye kibanda cha mboga upande wa chini wa barabara, aliwahi kupulizia lengalenga zake dawa ya kuua wadudu aliyonunua sokoni ikiwa kwenye chupa isiyo na karatasi ya maelezo. Alipulizia mchana, saa nyuki wako kazini. Siku mbili baadaye Koko alikuta nyuki wamekufa chini ya haibiskasi. Hakugombana naye. Alimpelekea maboga mawili yaliyobaki madogo na kuoza, akamuuliza kama na yeye ameona hivyo kwake. Alikuwa ameona. Tangu hapo jirani huyo anatumia maji ya sabuni kwa wadudu wadogo wanaonyonya majani, na majivu ya jikoni kwa wengine. Akilazimika kutumia dawa, anangoja jioni nyuki wakiwa wamerudi.

Mji uliopunguza bustani zake

Bukavu, uliokuwa unaitwa Costermansville wakati wa ukoloni, umejengwa kwenye rasi tano zinazoingia katika Ziwa Kivu kama vidole vya mkono, kwenye urefu wa karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Hali yake ya hewa baridi na udongo wake mwekundu viliufanya ujulikane kwa maua. Wazee bado wanakumbuka barabara zenye miti na parseli zenye nafasi.

Kisha watu wakaongezeka. Wakimbizi wa mwaka 1994 walifika kwa malaki katika Kivu. Vita vya mwaka 1996, mapigano ya mwaka 2004, ukosefu wa usalama vijijini kwa miaka mingi, na mwaka 2025 tena vita vilivyoingia mjini, vyote vilisukuma familia kutafuta mahali pa kulala. Parseli moja ikagawanywa mara mbili, mara nne, mara nane. Mahali palipokuwa na maua pakawa na chumba. Hakuna anayeweza kumlaumu mtu anayemjengea mtoto wake chumba.

Lakini mlima hauchukui kila kitu. Katika Kadutu, Bagira na sehemu za Ibanda, kila msimu wa mvua udongo unateremka, nyumba zinabomoka, na mara nyingine watu wanapoteza maisha. Sababu ni nyingi: mteremko mkali, udongo wenyewe, mifereji iliyojaa takataka, nyumba zilizojengwa juu ya nyingine. Kati ya hizo, mojawapo ni kutoweka kwa mimea. Majani huvunja nguvu ya tone la mvua kabla halijagonga ardhi, mizizi hushika udongo, na ardhi isiyofunikwa kwa saruji hunywa maji badala ya kuyapeleka yote kwa jirani wa chini.

Parseli ya Koko iko juu ya nyumba nyingine tatu. Mpangaji wa nyumba iliyo chini kabisa alituambia anaomba Mungu uzio wa haibiskasi ubaki pale ulipo. Mvua kubwa ya mwezi wa nne ilipita kwake ikiwa maji tu, haikuja na matope.

Hata kwenye bidoni inawezekana

Si lazima mtu awe na parseli kubwa. Yafuatayo ni mambo ambayo tuliyaona yakifanya kazi, na ambayo hayahitaji pesa nyingi.

Kwanza, bugenvilia na haibiskasi havinunuliwi. Omba jirani tawi lililokomaa, lenye unene wa kalamu na urefu wa kiganja kimoja. Ondoa majani ya chini, zika nusu yake katika udongo laini, weka kivulini na usiache udongo ukauke. Baada ya wiki kadhaa litachipuka. Kana unapasua shina lake la chini na kupanda kipande chenye jicho.

Pili, kopo la maziwa ya unga, ndoo iliyopasuka, bidoni iliyokatwa au mfuko wa sima vinatosha kuwa chombo. Toboa matundu chini ili maji yatoke. Usiweke sahani yenye maji yaliyosimama chini yake, maana hapo ndipo mbu wanazalia.

Tatu, mwagilia asubuhi mapema au jioni, na funika udongo kwa majani makavu ili unyevu usitoroke. Majani ya titonia, ule mmea wa maua ya manjano unaoota kando ya njia na unaotumika kama uzio vijijini, ni mbolea nzuri. Yakatwe kabla mbegu hazijakomaa, la sivyo yatakushinda.

Nne, changanya maua. Yenye shimo refu ni ya machozi, yaliyo wazi na bapa ni ya nyuki na vipepeo, meupe yenye harufu ya usiku ni ya nondo. Acha sahani ya maji yenye mawe madogo ndani, nyuki wapate pa kusimama bila kuzama, na uibadilishe maji kila siku.

Tano, lundo la takataka si bustani. Linavuta panya, na panya wanavuta nyoka. Weka safi chini, acha majani juu.

Kamba ya manila

Siku ya pili tuliporudi, tulimkuta mtoto wa Koko akiwa na kamba ya manila na vijiti vinne. Walikuwa wanapima pamoja. Mama alishika ncha moja, yeye ncha nyingine. Hesabu mpya ni nyumba moja badala ya mbili, upande wa barabara, mbali na mteremko. Mlimau, avoka, bugenvilia ya zambarau na uzio wa haibiskasi vingebaki. Kana zote na msubili zingehamishwa.

“Nyumba moja itachelewesha deni,” alisema kijana huyo. “Lakini mama wa nyumba ya chini alikuja kuniona. Udongo ukimuangukia, nitalipa na nini?”

Uamuzi haujatoka. Familia nzima itakutana kabla ya mwezi wa tisa, na wajomba nao wana neno lao. Koko hangoji. Kando ya ukuta amepanga makopo zaidi ya thelathini, kila kimoja na kijiti chake cha bugenvilia au haibiskasi, na ameanza kuyagawa kwa wapangaji, kwa mwenye kibanda cha mboga, na kwa akina mama wa parokia wanaopamba altare siku za ndoa, ambazo ni nyingi kiangazi hiki.

Tulipoaga jua lilikuwa limezama nyuma ya mlima. Watoto watatu walibisha langoni na tochi moja ya simu. Waliingia, wakamsalimu, wakaenda moja kwa moja kwenye marakuja.

“Koko, leo ni wawili!” mmoja wao aliita.

“Hesabu muzuri,” alijibu akiwa jikoni. “Jana balikuwa batatu.”